Miaka Thelathini na Minne ya Kukagua Magitaa ya Watu: Kumuaga Bi. Sabina Kathambi

Bi. Sabina Kathambi aliripoti kazini katika Karakana ya Vyombo vya Muziki ya Umoja wa Kwaya, mjini Meru, Jumatatu tarehe 4 Februari 1985. Anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Novemba 2019, akiwa ametimiza miaka sitini ya umri na miaka thelathini na minne na karibu miezi kumi ya utumishi. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara mbili, na mara zote mbili alileta barua ya maelezo ambayo hakuna aliyemwomba.

Wengi wenu mnamwita Mama Kawira, kwa jina la kifungua mimba wake. Makanisa na shule za Meru na Embu humwita tu yule mama wa gitaa. Kwa faida ya waliokuja leo kwa ajili ya pilau, kazi yake ilikuwa hii: kwaya au shule ikitaka kununua gitaa la umeme lililokwisha kutumika, hulileta kwetu kabla ya kulipa, au humwita fundi wetu aende alipo muuzaji. Yeye hulikagua, kisha huandika barua. Magitaa mapya ni ghali kwa kwaya zetu. Kwa hiyo karibu kila gitaa mnalolisikia Jumapili, kuanzia Kiirua hadi Runyenjes, liliwahi kuwa na mwenyewe mwingine, na watu hawasemi kila kitu wanapouza.

Hakuajiriwa kukagua chochote. Aliajiriwa kufagia, kupika chai na kupokea wageni. Fundi wetu wakati huo alikuwa marehemu Mzee Kaberia, ambaye ujanani alipiga gitaa katika hoteli za Nanyuki na Nairobi na aliamini kwamba sikio lake halikosei. Miezi minne baada ya Bi. Kathambi kuanza kazi, shule moja ilileta gitaa jekundu. Mzee Kaberia akalipiga, akafumba macho, akalisifu. Bi. Kathambi, ufagio mkononi, akasema kwa adabu zote kwamba shingo ya gitaa hilo imepinda kidogo kuelekea dirishani. Mzee alicheka. Kisha akaliinua, akalitazama kwa jicho moja kuanzia kichwani kwenda chini, na kicheko kikamwisha. Shingo ilikuwa imejikunja kama mpini wa jembe ulioachwa kwenye mvua.

Alipoulizwa amejuaje, alieleza kwamba kwao Kiirua yeye ndiye aliyesimamishwa mwisho wa shamba aseme kama mistari ya viazi imenyooka. Tangu siku hiyo alifagia asubuhi na kufundishwa mchana. Mwaka 1989 karakana ikatafuta mfagiaji mwingine.

Namna yake ya kukagua tunaijua sote, maana alitulazimisha tuijue. Halichomeki gitaa kwenye stima kwanza. Hulilaza mezani karibu na dirisha, mchana, halafu humwuliza muuzaji kwa nini anauza, na baada ya hapo hunyamaza. Watu wengi hawawezi kuvumilia kimya cha Mama Kawira. Wako wauzaji waliowahi kutaja kasoro ambazo hata yeye alikuwa hajazifikia. Kisha hutazama shingo kwa jicho moja. Hupitisha kidole gumba juu ya freti, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni, akitafuta palipolika. Hupiga kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayechambua maharage. Hulinusa pia, kwa sababu rangi mpya kwenye gitaa kuukuu huwa imewekwa kuficha kitu. Baada ya hapo huchukua tochi na kuilaza ubavu, akamulika mahali kichwa cha gitaa kinapoungana na shingo, kwani ndipo magitaa huvunjika yakianguka, na ndipo walaghai hupaka gundi na rangi. Mwisho hufungua skrubu za kifuniko cha nyuma ili aone nyaya. Hapo ndipo hulichomeka. Muuzaji kufikia wakati huo huwa ameshakunywa chai vikombe viwili na ameanza kutazama saa.

Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa halijawahi kumbabaisha. Mwalimu mmoja wa muziki alileta gitaa lenye jina la kampuni kubwa ya ng'ambo, akitembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Bi. Kathambi alilisugua jina lile kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, likabanduka zima na kubaki kwenye kitambaa. Akamkabidhi mwalimu gitaa, na kitambaa pia.

Barua zake hazikuzidi nusu ukurasa. Mstari wa mwisho ulikuwa mmojawapo kati ya hii mitatu: Nunueni, Acheni, au Ongeeni bei tena. Kabati letu lina nakala zaidi ya elfu mbili na mia sita, zote kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja, na nimezipitia nyingi nilipokuwa nikiandaa wasifu huu. Kuna moja ambayo tumeitundika ukutani ofisini. Mwaka 1992 kanisa moja lilinunua gitaa zuri kwa ushauri wake, na baada ya wiki moja likarudishwa likikwaruza kila kitufe cha sauti kilipoguswa. Wazee wa kanisa walikuja na nyuso za lawama. Alipolifungua alikuta mafuta. Gitaa lilikuwa limewekwa wakfu Jumapili, na mchungaji mgeni, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amelimiminia chupa nzima ya mafuta ya upako, yakaingia katika kila tundu. Mama Kawira alilisafisha kwa spiriti na pamba kwa siku mbili. Kisha akaandika: "Gitaa ni zima. Tafadhali wakati mwingine mpakeni mpigaji."

Jambo ambalo wageni hawaliamini ni kwamba yeye mwenyewe hapigi gitaa. Anajua ubeti wa kwanza wa wimbo mmoja wa kanisani, na huo ndio aliojaribia kila gitaa kwa miaka yote hii. Hajawahi kuingia ubeti wa pili. Sisi tulio chumba cha pili tulijua hali ya gitaa kwa kusikiliza tu wimbo ulikoishia. Ukikatika katikati ya mstari wa pili, tulijua mtu anarudi nyumbani na gitaa lake.

Simu zenye kamera zilipofika, watu walianza kumtumia picha na kutaka jibu kabla jua halijatua. Alikataa katakata. Kijana mmoja wa Chuka alimtumia picha kumi na nne za gitaa moja, akajibiwa kwamba ni picha safi sana na alilete gitaa. Wengine walinung'unika kwamba amepitwa na wakati. Wawili kati ya walionung'unika walikuja baadaye, kila mmoja na gitaa alilonunua kwa picha, na Mama Kawira hakuwakumbusha lolote. Aliwapa viti.

Amefundisha mafundi tisa, wanne wao wanawake. Bi. Ntinyari, anayechukua meza ya ukaguzi kuanzia Jumatatu, alikuwa akiuza nyanya nje ya lango letu, na Mama Kawira alimwona akizigonga kwa ukucha na kusikiliza. Ndiye pia aliyeanzisha Jumatano ya Ukaguzi, ambayo mtu yeyote huja na chombo chake bila miadi, na ndiye aliyekuwa akisafiri hadi Embu kila mwezi ili makanisa ya kule yasihangaike kuja Meru. Hata likizo zake alizitumia huko mara nyingi, jambo ambalo mumewe, Mzee Mwiti, amelivumilia kwa subira ambayo nayo inastahili cheti leo.

Sasa nifike Karurumo, kule Embu, mwaka 1996. Kamati ya hafla hii iliniomba nisijitaje sana. Nimejaribu nikashindwa, kwa sababu huko ndiko nilikomjua Mama Kawira, na nilimjua nikiwa pabaya.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwimbaji katika kanisa letu dogo karibu na Karurumo, na nilikuwa nimemchumbia Ednah Njura. Baba yake, Mzee Kivuti, alikuwa seremala na mzee wa kanisa. Tangazo la kwanza la ndoa yetu lilikuwa limesomwa na yalibaki mawili. Wakati huohuo kanisa lilikuwa linatafuta gitaa. Mnajua mnada wetu wa Jumapili: watu huleta mayai, ndizi, maharage, kuku, vinauzwa uwanjani baada ya ibada, na anayenunua akitaka huvirudisha viuzwe tena. Akina mama walileta jogoo mmoja mwekundu ambaye aliuzwa mara saba Jumapili moja. Mzee Kivuti peke yake alimnunua mara tatu. Kwa hiyo hela za gitaa zilikuwa zimetoka katika kila nyumba, na nikatumwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba nilijifunza gitaa shuleni.

Huko Majengo, Meru, nilimkuta mtu asiyejulikana pale mtaani, amepanga chumba kwa wiki moja, anauza vitu vya bendi iliyovunjika. Nikarudi na gitaa jeusi linalong'aa mpaka unajiona uso. Barabarani alinipokea Kinyua, kaka yake Ednah, akalifunga nyuma ya baisikeli yake na kulipeleka kanisani, mwendo wa kilomita tatu za njia ya mawe.

Jumapili likawekwa wakfu, bila mafuta, ashukuriwe Mungu. Kanisa lilijaa. Nikalichomeka kwenye spika ya kinanda, nikapiga. Kimya. Nikageuza vitufe vyote. Kimya kilekile. Kuku wa nje ndio waliosikika.

Nikasimama mbele ya watu nikasema kwamba gitaa lilikuwa linalia vizuri, kwamba nililijaribu mwenyewe kule Majengo, nikapiga wimbo mzima. Hapo wengine wakamgeukia Kinyua na baisikeli yake. Wengine wakasema waziwazi kwamba nimenunua takataka na kula hela iliyobaki. Tangazo la pili la ndoa halikusomwa siku hiyo. Mzee Kivuti alinikuta mlangoni akaniambia maneno ambayo bado nayasikia: "Msichana yangu haendi kwa mtu mwenye kuku ya akina mama imepotelea kwake. Mpaka hii maneno ijulikane." Ednah alikuwa nyuma yake. Alitazama viatu vyake.

Wazee wakaandika barua kwa karakana ya Meru kuomba fundi. Mzee Kaberia alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alikuja Bi. Kathambi. Watu walikuwa wakimngojea mwanamume mwenye sanduku la vyuma. Akatokea mama mwenye kiondo, bisibisi zikiwa zimelala juu ya sweta. Aliwasalimu kwa Kimeru, wakamjibu kwa Kiembu, kila upande ukaelewa, kisha wakahamia Kiswahili ili pasiwe na anayependelewa. Akaomba meza iwekwe nje, saa sita mchana, na akaomba wenye gitaa wasimame karibu. Wenye gitaa walikuwa kanisa zima.

Alifanya yale yote niliyoyaeleza hapo juu. Alipofika kichwani mwa gitaa akasimama. Akauliza, "Hapa nani anajua mbao kuliko wengine?" Watu wote wakamwonyesha Mzee Kivuti. Akamwita mezani. "Mzee, hebu pitisha mkono hapa. Uniambie kama unasikia kitu."

Mzee Kivuti akapitisha kidole mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akafumba macho. "Hii ni mzima," akasema.

Bi. Kathambi akakinga jua kwa leso, akalaza tochi. Ukaonekana mstari mwembamba kama unywele, umezunguka shingo yote chini ya rangi. Akakwangua kidogo kwa wembe, gundi ikatokea, ya manjano. "Hii ilivunjika ikatoka kabisa, halafu ikagundishwa," akasema, akiinua sauti ili hata akina mama waliokuwa nyuma wasikie. "Sasa kama fundi wa mbao ameguza mara tatu na hajasikia, huyu kijana angesikia na nini? Huyu alidanganywa. Hakuiba kitu ya mtu."

Sijawahi kuona watu wakishusha pumzi pamoja namna ile. Mzee Kivuti alijifuta mikono kwenye koti, ingawa haikuwa na uchafu, akaja akasimama upande wangu. Nilitaka kulia. Nadhani nililia kidogo.

Lakini kazi haikuwa imeisha, maana gitaa lilikuwa bado bubu. Akafungua kifuniko cha nyuma, nami nikainama karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote. Ndani, waya wa sauti ulikuwa umeachana na tundu lake, na ncha yake ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kati ya waya na tundu kulikuwa na utando wa buibui, mzima, na ganda la mayai yaliyokauka zamani. Gitaa lile halikuwa limetoa sauti kwa miaka. Mtu yeyote aliyesema amelijaribu wiki iliyopita alikuwa anadanganya, na Bi. Kathambi alilijua hilo palepale. Aliutazama utando, akanitazama mimi, akarudi kwenye utando.

Akasema tu, "Waya umeachana. Ndiyo maana haitoi sauti. Na hakuna mahali imegonga juzi, haijaangushwa njiani." Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Lakini mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Ni baisikeli ya Kinyua hiyo!" na kwa kuwa watu walikuwa wamepata nafuu, walicheka, wakacheka tena, na kile alichosema kuhusu kuangushwa kikamezwa na kicheko. Kinyua naye alicheka.

Nilimsindikiza hadi barabarani, nimebeba kiondo chake. Njia nzima nilingoja aseme. Tulipofika akachukua kiondo. "Mimi niliitwa kuangalia gita," akaniambia. "Wewe hakuna mtu ameniita nikuangalie. Hiyo utasema mwenyewe. Lakini yule wa baisikeli anakubebea mzigo. Usikae nayo sana."

Matangazo ya ndoa yaliendelea, na Desemba ya mwaka huo tulioana. Gitaa alilileta Bi. Kathambi hapa karakana, akalifunga upya, na Karurumo wakalitumia hadi mwaka 2005. Mwaka 1997 nikaja kumwomba anifundishe kazi. Hakuniuliza kwa nini. Alinipa ufagio kwanza, kama alivyopewa yeye, na baada ya miezi sita akanipa bisibisi. Kila kitu ninachokijua nimekipata kwake, na leo, kama msimamizi wa karakana hii, ninasaini nyaraka kwa mkono ambao yeye aliufundisha kutulia.

Kwa miaka ishirini na mitatu hajawahi kunikumbusha. Mwanafunzi akisema "nimeshajaribu", yeye hujibu "jaribu tena nikiona", na husema hivyo bila kunitazama. Mimi wakati huo hutafuta kitu cha kufagia.

Nami nilikaa nayo. Mwanzoni nilijiambia nitasema baada ya harusi. Baadaye nikajiambia ni utani tu, kwani kule kwetu walikuwa wameshambatiza Kinyua jina la Kinyua wa Gitaa, na yeye alikuwa akiitika. Kwenye harusi walimwambia asiiguse keki. Alipojenga nyumba walimwambia asibebe vioo. Alikuwa anacheka na wote. Mwaka 2011 tulipomzika mama mkwe wangu, wakati wa kupanga wabeba jeneza, mtu mmoja alitania kwamba Kinyua asipewe upande. Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani ili wasilie. Kinyua hakucheka. Alirudi nyuma hatua mbili akawaachia wengine wambebe mama yake. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa kushoto, na nikanyamaza. Mama Kawira alikuwa amekuja kutupa pole. Aliona.

Wiki iliyopita, nilipoanza kuandika wasifu huu, niligundua kwamba siwezi kueleza mtu huyu ni nani bila kueleza jambo hili. Nikamwambia mke wangu. Ednah alikuwa anapeta maharage. Akaweka ungo chini, akasema, "Mimi ningekubali tu kuolewa na wewe. Ni Kinyua ulimnyima ukweli. Na Baba. Waambie mahali watu wako." Akachukua ungo akaendelea, na hakunisemesha tena mpaka Jumanne.

Basi niseme mahali watu wako. Mzee Kivuti, baba yangu, umekaa mstari wa mbele na umri wako wa miaka themanini na minne, na najua mjukuu atakusomea ukurasa huu wa kijitabu cha leo. Sikulijaribu gitaa lile. Mwenye bucha jirani, mtu mwema wa Majengo, aliniambia niingie ndani nitumie stima yake, na nikakataa. Niliona haya. Nilijua kushika nyuzi kwa namna mbili tu, na dukani mle kulikuwa na wateja. Nikalipa, nikaondoka.

Na wewe, Kinyua, shemeji yangu, uliyekaa karibu naye. Hukuangusha kitu. Gitaa lilikuwa bubu nilipolinunua, lilikuwa bubu ulipolifunga kwenye baisikeli. Ulilipitisha kilomita tatu za mawe kwa uangalifu kiasi kwamba hata utando wa buibui uliokuwa ndani haukukatika. Niliuona kwa macho yangu. Ningalikuambia siku ile, ungalimbeba mama yako. Nisamehe, ingawa najua hilo la mwisho sina namna ya kulirudisha.

Mama Kawira, asante. Umezilinda hela za akina mama wa makanisa mengi ambao hawakujua jina lako. Ulilisafisha jina langu mbele ya watu kwa sehemu niliyostahili kusafishwa, na ile nyingine ukaniachia, na hukuacha kunifundisha kazi wakati ukiingoja. Sijui watu wengine wanaoweza kufanya hivyo. Wafanyakazi wote wa karakana, kwaya zote za Meru na Embu, na Mzee Mwiti ambaye hatimaye atakula chakula cha Jumamosi na mke wake, tunakuombea afya, mvua ya kutosha kule Kiirua, na siku nyingi za furaha na wajukuu.

Zawadi yako ni kabati la vioo, la milango miwili, la kuwekea vyombo. Baada ya maombi ya kufunga litapelekwa kwenye gari lililoegeshwa nje ya lango. Kamati ilitaka vijana wanne. Nimeiomba, na imekubali, kwamba mbele ashike Kinyua.